Stata inapiga, injini haiwaki

SWALI: Ndugu fundi, nina pikapu ya zamani ya dizeli, silinda nne, ninayobebea korosho kutoka vijijini kuja ghalani. Juzi nilibadilisha chujio la dizeli. Tangu hapo stata inapiga kwa nguvu lakini injini haiwaki. Nimeambiwa pampu imekufa, nitafute nyingine. Msimu ndio huu, nifanyeje?
Msomaji, Newala

JIBU: Hiyo pampu usiinunue kwanza. Gari lililokuwa linawaka vizuri likagoma mara tu baada ya kubadilishwa chujio, mara nyingi limeingia upepo kwenye njia ya dizeli. Upepo hubanika, dizeli haibaniki. Pampu inasukuma, upepo unajibana ndani ya bomba, presha haifiki ya kufungua nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda, na silinda hazipati kitu.

Mwambie mwenzako apige stata kwa sekunde kumi, wewe uangalie ekzosi. Pasipo moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, inafika ila haiungui: hapo tatizo liko kwenye plagi za kupasha joto, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) au betri. Stata ikiwa inapiga, betri ya volti 12 isishuke chini ya volti 9.6 hivi.

Kama moshi hautoki, washa swichi na usikilize kwenye pampu. Solenoidi inayofungua njia ya dizeli hulia "tik". Ikikaa kimya, pima waya wake kwa taa ya kupimia. Umeme usipofika, anza na fyuzi.

Sasa toa upepo. Legeza skrubu iliyo kwenye kichwa cha chujio, bonyeza pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza skrubu huku ukiendelea kubonyeza. Pampu hiyo lazima iwe ngumu mkononi. Isipokuwa ngumu, kuna mahali panavuta upepo, na kwako tunashuku chujio lenyewe: mpira wa zamani hubaki umenata kwenye kichwa, mpya ukakalia juu yake. Ukitazama utadhani kimekaza. Kifungue, bandua mpira wa zamani, pakaa dizeli kwenye mpya, kisha kaza kwa mkono tu, nusu hadi robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa. Kagua pia mabomba ya mpira na klempu za upande wa tangi. Bomba lililopasuka linaweza kuvuta upepo bila kuvuja tone.

Halafu legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, nusu mzunguko. Nyingi ni za spana 17. Piga stata sekunde 15, ipumzishe dakika mbili, rudia. Dizeli ikitoka kwa mapigo bila povu, kaza, hamia mbili zilizobaki. Mara nyingi injini itaanza kushika kabla hujamaliza. Mikono na macho viwe mbali: dizeli yenye presha hupenya ngozi, na aliyepigwa aende hospitali saa hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Kwa sababu hiyo, injini mpya za komoni reli, yaani zenye bomba moja la presha linalogawia nozeli zote, usilegeze bomba lolote la presha. Presha yake huzidi baa 1,000. Na spreyi ya kuwashia usiipulize kwenye injini yenye plagi za kupasha joto, inaweza kulipuka ndani na kuvunja pistoni.

SWALI: Mashine ya boti yetu inawaka kwa shida asubuhi, kisha inazima. Dizeli tunanunua kwa madumu.
Msomaji, Kilwa Kivinje

JIBU: Shuku maji. Fungua skrubu ya chini ya chujio, kinga kwenye chupa ya kioo, iache itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini. Ukiyaona, mwaga mpaka itoke dizeli tupu, badilisha chujio, fyonza na sakafu ya tangi, kisha toa upepo kama tulivyoeleza. Jioni mkirudi, jazeni tangi: likilala nusu, hewa yenye unyevu wa bahari huacha matone ndani, na matone hayo ndiyo yanayotia kutu nozeli.