Jina Lako Limependekezwa Baraza la Ardhi? Soma Hapa Kabla Hujakataa

"Shikamoo Mwalimu. Jina langu limepelekwa niwe mshauri wa baraza la ardhi na nyumba wilayani kwetu. Sitaki. Nina duka, nina watoto, na ugomvi wa ardhi wa huku unaujua mwenyewe. Nikatae vipi bila kuonekana nina dharau?"

Ujumbe huo ulinifikia wiki iliyopita, na si wa kwanza wa aina yake. Marahaba, mwanangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wengi mnaonisoma ndoto yenu ni moja: mnataka mkisimama kwenye mkutano wa mtaa watu wanyamaze wawasikilize, na baadhi yenu, msinifiche, mnautolea macho udiwani. Mtu mwenye nia hiyo anakimbiaje kiti cha baraza?

Mimi nilikikalia kiti cha mshauri, yaani raia anayekaa na mwenyekiti kusikiliza kesi za ardhi, kwa kipindi chake chote cha miaka mitatu. Baraza lenyewe silitaji, ila ni la humu humu mkoani Dodoma. Nilipoteuliwa, kila aliyenipongeza alikuwa na neno la kuongezea. Kaka yangu alisema najitafutia maadui. Jirani alisema nitarogwa, akanitajia na mzee mmoja ambaye eti alipooza mguu baada ya kutia neno kwenye shamba la watu. Rafiki yangu niliyefundisha naye alinicheka wazi: "Unakwenda kukaa pale kama pambo. Mwenye kuamua ni mwenyekiti." (Miguu yangu yote miwili mizima, asanteni kwa kuuliza.)

Msidhani ni sisi tu tunaoita raia wa kawaida kwenye kesi. England na Wales kesi nzito za jinai zinaamuliwa na raia 12 wa kawaida, wenye umri wa miaka 18 hadi 75, wanaookotwa kwa bahati nasibu kwenye daftari la wapiga kura. Ukiitwa usitokee, na huna sababu ya maana, unaweza kupigwa faini ya hadi pauni 1,000. Kule raia hao ndio wanaosema mtu ana hatia au hana. Jaji anabaki na sheria na adhabu. Huku kwetu mshauri anashauri, na hapo ndipo watu wanapoona ni kazi bure.

Ngoja nikwambie lile ambalo rafiki yangu yule hakulijua. Sheria ya mwaka 2002, ndiyo niliyotumikia, ilimtaka mwenyekiti akae na washauri wawili. Ushahidi ukiisha, kila mshauri aliyekuwepo anatoa maoni yake kwa maandishi, na Kiswahili kinaruhusiwa. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo. Lakini akikataa kuyafuata, ni lazima kwenye hukumu aandike sababu. Umeielewa hiyo? Msomi wa sheria analazimika kukujibu wewe muuza duka, kwa maandishi, kwa nini hakukubaliana na wewe. Pambo gani linajibiwa?

Na kuna mambo ambayo kitabu cha sheria hakiyaoni. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukapandishwa kuwa jiji mwaka 2018, mashamba ya uwele ambayo zamani mtu alimpa shemeji alime bila hata kuandikishana yamegeuka viwanja. Ndugu waliokula sahani moja walikuja mbele yetu hawatazamani.

Shauri moja tulikwenda kuona eneo. Mdai alisema uzio wa minyaa ndio mpaka, na kwamba marehemu baba yake aliupanda zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mgeni kutoka mikoa ya mvua, alikuwa anaandika. Mimi nikasogea nikaishika ile minyaa. Mashina yalikuwa membamba, dole gumba na kidole changu cha shahada vilikutana bila shida, na gome lilikuwa la kijani kuanzia juu mpaka mavumbini. Nimezaliwa Ugogo. Minyaa ya miaka thelathini ni mti kamili: shina lake ni la kijivu, gome limepasukapasuka, na kuku wanalala juu yake. Zamu yangu ya kuuliza ilipofika nikamuuliza mdai taratibu, "Baba, huu uzio uliwahi kuungua au kukatwa ukachipua upya?" Akajibu kwa fahari kwamba haujawahi kuguswa tangu siku ulipopandwa. Mshauri mwenzangu, mfugaji, aliinamisha kichwa akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Niliyaandika hayo kwenye maoni yangu, na hukumu ilipotoka yalikuwemo, karibu neno kwa neno. Nimefundisha darasa la saba kwa miaka mingi, nimetoa wanafunzi waliofika mbali, lakini siku ile nilitembea kutoka barazani hadi stendi kichwa juu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuhudhuria. Shauri ulilolianza ulimalize. Wa pili, andika maoni yako kwa mkono wako mwenyewe, usisubiri mwenzako aandike uweke sahihi. Wa tatu, usile cha mtu. Na kuhudhuria, narudia, kwa sababu mshauri aliyelianza shauri asipotokea tena, sheria inamruhusu mwenyekiti kuendelea na aliyebaki, au peke yake, na hapo huna wa kumlaumu.

Sitakudanganya kuwa hakuna maumivu. Posho ni ya nauli na chai, na kwetu ilikuwa inachelewa mpaka unaisahau. Kuna shauri la mama mjane ambalo maoni yetu yaliandikwa lakini wadaawa, yaani wenye kesi, hawakusomewa. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mashauri kwa kasoro ya namna hiyo, na la yule mama nalo lilirudishwa kuanza upya. Alinishika mkono nje ya lango akaniuliza, "Mwalimu, kwani nyinyi mlikuwa mnafanya nini mle ndani?" Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Nikakosa jibu la kumpa mama wa watu.

Halafu kuna jirani aliyekuja jioni na jogoo na ndoo ya karanga, akisema ni salamu tu, na shauri lake linatajwa kesho yake. Niliwarudisha, yeye na jogoo wake. Shauri lenyewe hata sikupangiwa kulisikiliza, na aliposhindwa mimi sikuwa na mkono wowote. Mkewe hanisalimii kwenye jumuiya mpaka leo. Tunakaa mkeka mmoja, anampa mkono aliye kushoto kwangu na aliye kulia kwangu. Inaniuma.

Pamoja na hayo ningekaa tena, na nitakwambia kwa nini bila kupepesa. Viti vya raia vinapungua. Mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakaachiwa usuluhishi tu. Mwaka 2022 sheria ikabadilishwa tena, na kesi za jinai za Mahakama Kuu, ambazo zamani lazima ziwe na wazee wa baraza, yaani raia wa kumshauri jaji, jaji akaruhusiwa kuzisikiliza bila wao. Wapo wanaosema ni kupunguza ucheleweshaji, na pengine ni kweli. Lakini sisi tulifanya nini vilipokuwepo? Tulitafuta udhuru. Jumamosi tunakaa mnadani Msalato, nyama mkononi, tunalaani kwamba haki inanunuliwa, na katika walaani wale wamo walioletewa barua ya uteuzi wakaikunja wakaitia mfukoni. Mwogopeni Mungu jamani! Huwezi kuudai uongozi kwa wananchi wakati hukuweza kuwasikiliza wawili tu wenye ugomvi wa mpaka.

Kuhusu duka lako, mwanangu, siku za vikao zinajulikana mapema, kwa hiyo unaweza kupanga na mdogo wako. Kuhusu uchawi sina dawa, ila wasiwasi ulinitoka nilipozoea kuondoka barazani moja kwa moja nyumbani, bila kusimama dukani kwa mtu kuelezea kilichosemwa.

Na kama umeshaamua kukataa, basi kataa sasa, kwa barua fupi yenye sababu ya kweli, ili atafutwe mwingine. Usikubali kuapishwa halafu ukawa mtu wa kuugua kila siku ya kikao. Tulikuwa naye mmoja wa namna hiyo. Alikuwa na malaria mwaka mzima, lakini siku ya kusaini posho alikuwa anatangulia kufika kuliko mlinzi.