Kuingia mara moja kwa SAML: soma kilekile ulichokikagua

Ukipewa kazi ya kuunganisha programu na mfumo wa kuingia mara moja kwa SAML, yaani kanuni za seva moja kuzithibitishia programu nyingine mtumiaji ni nani, usianze kwa kuhofia hesabu za usimbaji. RSA na SHA-256, hesabu zinazotumika kutia sahihi, si mahali panapovuja. Panapovuja ni hapa: kodi moja, yaani msimbo wa programu, inakagua sahihi ya kidijitali, nyingine inasoma jina la mtumiaji, na hizo mbili hazitazami sehemu ileile ya waraka.

Mpango wenyewe uko hivi. Mtumiaji anapelekwa kwenye seva ya utambulisho, anaweka nywila huko, seva inaandika waraka wa XML (maandishi yaliyopangwa kwa vipengele vyenye majina) unaosema huyu ni fulani, inautia sahihi kwa ufunguo wake wa siri, kisha kivinjari kinauleta kwako. Maana yake waraka unapita mikononi mwa mtumiaji. Anaweza kuufungua, kuuchokonoa na kuupanga upya kabla hujauona.

Na sahihi ya XML haifungi waraka wote kama lakiri juu ya bahasha. Inataja ID ya kipande kimoja, tuseme `#_a1`, na kubeba hashi, yaani alama fupi ya kidole, ya kipande hicho tu. Mshambuliaji mwenye akaunti ya kawaida anachukua waraka wake halali, anakihamisha kipande chenye sahihi hadi pembeni, na pale kilipokuwa anaweka kipande cha kughushi chenye jina la msimamizi. Mkaguzi anafuata ID, anakuta kipande halisi, anaridhika. Msomaji anachukua kipande cha kwanza anachokiona, nacho ni kile cha kughushi. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza mifumo 14 ya SAML walikuta 11 ina udhaifu wa aina hii.

Hila iliyotangazwa mwaka 2018 ni nyepesi zaidi, na ndiyo napenda mgeni aielewe kwanza. Mtu anafungua akaunti yake halali kwenye seva ya utambulisho kwa jina `meneja@example.com.mwizi.example`. Waraka ukishatiwa sahihi, anachomeka katikati maoni ya XML, yaani maelezo ya pembeni yasiyo sehemu ya data:

`meneja@example.com<!---->.mwizi.example`

Kabla ya kupiga hashi, waraka husawazishwa, yaani huandikwa upya kwa umbo moja maalumu, na usawazishaji wa kawaida huondoa maoni. Kwa hiyo hashi haibadiliki, na sahihi inabaki sawa. Lakini baadhi ya maktaba, zikisoma maandishi ya kipengele hicho, zilikomea pale maoni yanapoanza. Zikapata `meneja@example.com`. Hakuna nywila iliyoibwa wala ufunguo uliovunjwa.

Machi 2025 ikawa zamu ya ruby-saml, maktaba ya SAML ya lugha ya Ruby, kwa sababu ya jamii hiyohiyo: ilitumia vichanganuzi viwili vya XML (programu za kuusoma waraka), REXML na Nokogiri, ndani ya ukaguzi mmoja, na waraka mmoja uliweza kueleweka kwa namna mbili. Marekebisho yalitolewa kwenye toleo 1.12.4 na 1.18.0, lakini yale ya 1.12.4 baadaye yaligundulika hayakukamilika, kwa hiyo lenga 1.18.0 au jipya zaidi. Ukikuta programu yenye toleo la zamani, pandisha leo, mengine baadaye.

Usiandike mkaguzi wako mwenyewe. Kama lazima uguse kodi hiyo, mkaguzi asirudishe "ndiyo" au "hapana". Arudishe kile kipande kilichokaguliwa, na jina la mtumiaji lisomwe humo tu. Kataa waraka wenye ID iliyojirudia au wenye vipande viwili vya uthibitisho usivyovitarajia. Cheti cha kukagulia sahihi, chenye ufunguo wa wazi wa seva ya utambulisho, kitoke kwenye mipangilio yako. Ukikubali cheti kilichokuja ndani ya waraka wenyewe, mgeni anakuja na kitambulisho pamoja na mhuri wa kukithibitisha.

Kupima si kazi kubwa. Kwenye mazingira ya majaribio, ingia kawaida, ukamate sehemu ya `SAMLResponse` kwenye fomu inayotumwa, uifungue kutoka base64, mtindo wa kuandika data kwa herufi za kawaida. Badilisha herufi moja ya jina, utume. Rudia na waraka mpya, safari hii ukifuta sahihi yote; usishangae, zipo programu zinazokagua sahihi ikiwepo tu. Kisha jaribu maoni katikati ya jina: ama ukataliwe, ama jina lisomwe zima bila kukatwa. Mwisho tuma waraka uliotolewa kwa programu nyingine ya shirika hilohilo. Huu wa mwisho una sahihi halali kabisa. Kinachopaswa kuuzuia ni ukaguzi wa `Audience`, sehemu inayotaja waraka ni wa programu ipi, na ndicho watu husahau kuwasha. Angalia pia `NotOnOrAfter`, muda wa mwisho wa waraka, na `InResponseTo`, inayotaja ombi ambalo waraka unalijibu. Saa za seva zikipishana, ruhusu dakika 2 au 3. Nimeona ushauri wa kuruhusu saa nzima. Huko ni kumpa mwizi muda wa kutumia tena waraka aliounasa.

Ukishaweka kiraka, kazi haijaisha. Aliyeingia jana bado ana kuki yake, na kiraka hakimtoi. Futa vipindi vyote vya watumiaji walioingia, batilisha na tokeni za API (funguo ambazo programu nyingine hutumia kuingia bila nywila) zilizotengenezwa humo ndani, kisha linganisha kumbukumbu mbili: kila aliyeingia kwenye programu yako lazima awe na tukio lake kwenye seva ya utambulisho, kwa jina hilohilo na karibu dakika hiyohiyo. Asiye nalo, anza naye.