Sindano ya testosteroni na kutafuta mtoto

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Makorora, Tanga. Mimi na mke wangu tunatafuta mtoto, huu mwaka wa pili. Jamaa mmoja ninayenyanyua naye vyuma anauza sindano za testosteroni. Anasema ndiyo homoni ya uanaume, nikichoma mbegu zitaongezeka. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Usichome. Sindano hiyo itakupa misuli, lakini mbegu itazikausha.

Jamaa yako hajakosea kote. Testosteroni ndiyo inayoleta ndevu na sauti nzito mtu akibalehe, hujenga misuli na mifupa, huamsha hamu, na huchochea uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Wanawake nao wanayo, kiasi kidogo. Alichokiruka ni inakotengenezwa. Kwa mwanamume karibu yote hutoka kwenye korodani, nazo hufanya kazi kwa amri ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo hutuma homoni mbili: moja huagiza testosteroni, nyingine husaidia kukomaza mbegu. Sasa, testosteroni iliyomo ndani ya korodani ni nyingi mara kadhaa kuliko ya kwenye damu, na mbegu hutegemea hiyo ya ndani. Ukichoma sindano, damu inajaa, pituitari inaona imetosha, inakata amri zote mbili. Korodani zinasinyaa. Wapo wanaopimwa wakakutwa hawana mbegu hata moja, na ndiyo maana watafiti wamewahi kuijaribu sindano hii kama uzazi wa mpango wa wanaume!

Ukiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, ila ni suala la miezi, wengine hata zaidi ya mwaka.

Nendeni Hospitali ya Bombo wote wawili, maana tatizo laweza kuwa kwako, kwake, au kwenu nyote. Wewe upime manii baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila tendo. Ikihitajika kupima testosteroni, damu itolewe kabla ya saa 4 asubuhi, kwani jioni kiwango hushuka. Majibu yakiwa chini, kipimo hurudiwa siku nyingine. Supu ya pweza endelea nayo kwa utamu wake, ila usiihesabu kama dawa. Na kama ulishachoma hata mara moja, mwambie daktari kabla hajaanza kukupima.