Vyombo kugongana ndani ya tumbo la mbwa jike

Daktari wa Malindi, umeuliza kwa nini vyombo vinagongana unapompasua mbwa jike kwa kamera kupitia matundu madogo ya tumboni: ni kwa sababu umekaribianisha matundu. Kutoa ovari kwa matundu mawili, kamera iingie sentimita 1 hadi 2 nyuma ya kitovu (upande wa mkia), mstari wa kati wa tumbo. La pili nusu ya njia kutoka kitovu hadi kinena. Mbele ya kitovu (upande wa kichwa) utakwama kwenye mafuta tu.

Kamua kibofu kwanza. Tundu la kwanza fungua kwa kisu, usidunge kibubusa: bandama iko hapo hapo, na acepromazine (dawa ya kutuliza) huivimbisha. La pili toboa ukitazama skrini. Mkato wa ngozi ukizidi trokari (mrija wa kupitishia vyombo), gesi ya kutunisha tumbo huvuja na tumbo hunywea. Shinikizo la gesi la 8 hadi 12 mmHg latosha. Ovari ya kushoto? Mwinamishe alalie ubavu wa kulia.