Oili chafu ikimwagwa usiku, anayefungwa ni nani?

Mkuu, umesema mdogo wako yuko chumba cha injini kwenye meli ya mizigo ya Kigoma–Bujumbura, na injinia anamtaka apampu ziwani usiku maji ya bilji, yaani maji machafu yenye oili yanayojikusanya chini ya meli. Unauliza kesi ikija inamwangukia nani. Nimewahi kuwa oila, yaani mfanyakazi wa chini wa chumba cha injini, kwenye meli za baharini kabla sijarudi Kibirizi, kwa hiyo haya nayajua kwa macho.

Baharini, MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, unataka maji ya bilji yapite kwenye mashine ya kutenganisha mafuta, na yanayotoka yasizidi sehemu 15 za mafuta kwa milioni. Oili inayobaki inashushwa bandarini kwa malipo. Hapo ndipo ubahili unapoanza: linaunganishwa bomba la pembeni, mashine inarukwa, halafu kwenye kitabu cha kumbukumbu za mafuta inaandikwa kwamba mashine ilifanya kazi.

Tulikaguliwa bandari moja Marekani. Wale jamaa hawakuhangaika na maji ya nje. Walitazama bolti ambazo rangi yake imekwanguka, wakafungua bomba la kutolea nje na kuingiza kidole ndani, kisha wakalinganisha vipimo vya matangi na kitabu. Baadaye wakatuhoji mmoja mmoja, sisi wa chini kwanza. Injinia mkuu alikuwa anatoka jasho ilhali kiyoyozi kinanguruma!

Meli ya kigeni ikimwaga mafuta katikati ya bahari kuu, mara nyingi Marekani haina mamlaka juu ya umwagaji wenyewe. Ila ukiingia bandarini kwao na kitabu cha uongo, hilo ni kosa lililotendeka kwao. Mwaka 2016 Princess Cruises, kampuni ya meli za watalii, walikiri makosa na kukubali kulipa dola milioni 40, na chanzo ni injinia mgeni kazini aliyetoa taarifa. Sheria yao inaruhusu mtoa taarifa apewe hadi nusu ya faini.

Msidhani ni kampuni tu zinazoumia. Meli ya mizigo Wakashio ilipopasuka kwenye miamba ya Mauritius mwaka 2020 na kumwaga mafuta, nahodha na msaidizi wake walihukumiwa miezi 20 jela.

Sasa ziwani kwetu. MARPOL iliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini asikudanganye mtu kwamba Ziwa Tanganyika halina mwenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaufanya uchafuzi kuwa jinai, na mahakama inaweza kumwamuru mchafuzi alipe gharama za kusafisha. TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, nao wanasimamia uchafuzi wa vyombo vya majini.

"Niliagizwa na bosi" ni utetezi dhaifu sana kwa aliyefungua valvu. Mwambie mdogo wako asifungue, na asiweke sahihi kwenye kazi ambayo haikufanyika. Agizo hilo aombe liandikwe. Mabosi wengi hunywea hapo hapo. Tarehe, saa na vipimo vya tangi aviandike kwenye daftari lake, alitunze nyumbani, sio melini. Wakizidi kumbana, aende TASAC kabla hajaitwa yeye.