Shangazi kwanza, ila si kwa kila jambo

Kamwene, mhariri. Mmeuliza: jirani akiona mtoto ametelekezwa au anateswa, aanzie wapi? Najibu nikiwa Kilolo, Iringa.

Huku mvua zikikolea, ulanzi, pombe ya mianzi, nao unamwagika, na zipo nyumba ambazo moto hauwashwi mpaka usiku. Mwaka juzi mtoto wa jirani, hajatimiza hata miaka saba, alikuwa akija kwangu jioni na mdogo wake mgongoni, kitenge kinaburuza chini. Haombi chakula, anaomba kaa la moto. Siku ya tatu nikamfuata kwao. Sufuria ina maji ya baridi na unga umeelea juu. Mama yuko kilabuni.

Sikwenda ofisini. Nilimtafuta shangazi wa yule mama, kwa sababu shangazi huweza kusema neno ambalo mwenyekiti wa kitongoji akilisema linazua ugomvi. Bibi yule hakugomba. Alikwenda kilabuni, akaketi naye kwenye benchi, ilipofika saa kumi na mbili akamwambia, "Mwanangu, twende tukapike." Wiki mbili mfululizo. Na mwuza ulanzi akaombwa asimpimie tena jua likishazama. Alinuna, lakini alikubali.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto ananyimwa chakula na mzazi mwenye uwezo aripoti serikali ya mtaa au kijiji. Kwa hiyo kisheria nilichelewa, nakiri.

Ila undugu huohuo ndio unaotumaliza kwenye jambo la pili. Binti anabakwa, wazee wanakaa kikao, mbuzi anatolewa, wanasema wamemalizana kifamilia. Mbuzi analiwa na watu wazima; binti anaendelea kupishana na mbakaji njiani akienda kisimani. Hapo shangazi simtaki kabisa. Ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, ofisa ustawi wa jamii, au kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto ambayo hailipiwi.

Halafu kuna shangazi wa tatu, yule wa mjini, anayeshuka kwenye basi akitafuta binti wa kazi wa kumpeleka Dar es Salaam. Huyo asiondoke na mtoto wa mtu kabla balozi wa nyumba kumi hajaandika daftarini jina lake, simu yake na mtaa anakompeleka, kisha aipige hiyo simu palepale, isikike ikiita mfukoni mwake.