Nyumba ya mawe Ngara imezungushiwa mabati, tufanyeje?

SWALI: Habari zenu wahariri. Huku kwetu Ngara, Nairobi, kuna nyumba ya zamani ya mawe ya kuchonga, ina veranda ya nguzo na mwaka umechongwa juu ya mlango. Sasa imezungushiwa mabati, wapangaji wameambiwa watoke, tunasikia inakuja ghorofa. Kuna sheria ya kuzuia ama kwa vile ni ploti ya mtu tunyamaze tu? – Msomaji, Ngara

JIBU: Msinyamaze! Lakini mjue kwanza, uzee wa nyumba peke yake hauilindi, kama haijatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali basi kwa sheria ni nyumba kama zingine, na ndio maana nyumba nzuri hivi zinaenda tukiangalia, inauma sana.

Kwa hivyo nendeni Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill muulize kama imeshatangazwa. Kama iko, kuibomoa bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Kama haiko, andikeni barua muombe itangazwe, mweke picha za kila upande, namba ya ploti, na maneno ya wazee wanaojua nani aliijenga. Anayetangaza ni waziri baada ya kushauriana na Makumbusho, halafu anayepinga anapewa miezi miwili.

Hiyo njia ni ndefu na tingatinga halingoji mtu, so wiki hiyo hiyo piteni kanjo, yaani ofisi za kaunti ya jiji, muulize kama kibali cha kujenga kimeombwa, mpinge kwa maandishi na mgongewe muhuri kwenye kopi yenu, maneno ya mdomo pale hayaendi popote. NEMA, mamlaka ya mazingira, nao waulizeni ripoti ya athari kwa mazingira, wananchi wana haki ya kutoa maoni, na leseni ikitoka mna siku 60 za kukata rufaa kwenye tribunali ya mazingira.

Halafu mwenye ploti ongeeni naye vizuri tafadhali. Wengi wanaogopa wakidhani serikali itawanyang'anya, kumbe nyumba ikilindwa hatimiliki inabaki yake na biashara anafanya. Si mnaona Kipande House ya 1913 hapo Kenyatta Avenue, mahali Waafrika walikuwa wanaandikishwa vipande, vile vitambulisho vya lazima, enzi za mkoloni, leo ni benki na watu wanapanga laini ndani. Kama ploti ni kubwa, muulizeni kama hiyo ghorofa inaweza kukaa nyuma, nyumba ya mawe ibaki mbele. Lakini picha pigeni leo, hata kabla ya barua.